Diodi ya TVS, varista, tyubu ya gesi au zena: ipi ikinge saketi yako?

Bodi ililetwa mezani kwangu ikiwa imekufa. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga vali za maji, inatumia volti 24, na aliyeibuni hakuwa mzembe: pale umeme unapoingilia aliweka diodi ya kukinga ya aina ya TVS (inayobana volti za ghafla), SMBJ33A. Niliing'oa nikaipima, nzima kabisa. Kilichoungua ni chipu ya LM2596 iliyo nyuma yake, ile inayoshusha volti 24 kuwa 5. Mlinzi yuko salama getini, mwenye nyumba amekufa.

Maelezo yalikuwa kwenye karatasi ya data, mstari ambao wengi hatuusomi. SMBJ33A hukaa kimya hadi volti 33. Huanza kupitisha umeme mahali fulani kati ya volti 36.7 na 40.6. Lakini ikibebeshwa mkondo wake wa juu kabisa, ampea 11 hivi, volti kati ya miguu yake hufika 53.3. LM2596 ya kawaida haivumilii zaidi ya 45. Kwa hiyo diodi ilifanya kazi yake yote kama ilivyoahidi, na chipu ikafa palepale.

Tangu siku hiyo, nikilinganisha vikinga, siulizi kwanza kinaanza kufanya kazi kwenye volti ngapi. Nauliza: mkondo mkubwa ukipita ndani yake, kinaiachia chipu volti ngapi? Kwenye karatasi ya data namba hiyo huandikwa VC, nami nitaiita volti ya kubana. Nyingine mbili utakazokutana nazo ni VRWM, volti ambayo kikinga husubiri bila kujishughulisha, na VBR, volti ya kufunguka.

Unamkinga nani, dhidi ya nini

Umeme wa ghafla hauna sura moja, na kikinga kinachofaa hapa kinaweza kuwa pambo tu pale. Kidole chenye umeme tuli kikigusa kiunganishi, mkondo hupanda ndani ya nanosekunde moja tu. Jaribio la kiwango cha IEC 61000-4-2 la kilovolti 8 kwa kugusa moja kwa moja huleta kilele cha ampea 30 hivi, halafu yote yanakwisha kabla hujapepesa jicho. Nishati ni ndogo, kasi ni ya kutisha.

Radi inayopiga mbali, au mzigo mkubwa unaozimwa kwenye nyaya ndefu, ni jambo jingine: muda ni makumi ya mikrosekunde, mkondo ni mamia au maelfu ya ampea. Halafu yuko adui wa tatu anayesahaulika, yule wa kwenye magari. Betri ikichomoka wakati jenereta ya injini inaichaji, mfumo wa volti 12 unaweza kupanda hadi volti 79 mpaka 101 na kukaa huko kwa milisekunde 40 hadi 400. Hizo ni namba za kiwango cha ISO 16750-2. Milisekunde 400 ni muda mrefu sana kwa kipande cha silikoni chenye ukubwa wa punje ya mchele.

TVS na zena: ndugu wanaofanana sura

Tuanze na swali ninaloulizwa mara nyingi: kwa nini nisiweke zena, wakati nayo hubana volti?

Ndani yake kweli ni ndugu. Zote mbili ni makutano ya silikoni yanayofunguka kinyumenyume volti ikizidi. Tofauti iko kwenye mwili. Zena kama 1N4733A, ya volti 5.1 na wati 1, imetengenezwa ikae imefunguka saa zote, ikipitisha mkondo mdogo na kushikilia volti ileile. Diodi ya TVS imetengenezwa ilale miaka, kisha iamke kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde na kumeza mamia ya wati. Makutano yake ni mapana, na chuma kilichoshikamana nayo ni kinene ili kinyonye joto.

SMBJ, iliyo ndogo kuliko ukucha, imeandikiwa wati 600. Hizo si wati za kuendelea. Ni za mpigo mmoja wa umbo la 10/1000, yaani mkondo unaofika kileleni ndani ya mikrosekunde 10 kisha unashuka hadi nusu ikifika mikrosekunde ya 1000. Mpigo ukiwa mfupi zaidi, diodi ileile huvumilia wati nyingi zaidi, na ukiwa mrefu huvumilia chache. Anayeweka SMBJ kwenye volti inayozidi saa zote, akidhani ana wati 600 za kuchezea, ataiona inageuka kaa.

Hili hutokea hasa kwenye mifumo ya betri. Mtu ana mfumo wa volti 12, anachagua SMBJ12A kwa sababu jina linalingana. Betri ya risasi na asidi ikichajiwa hufika volti 14.4. SMBJ12A inaweza kufunguka kuanzia volti 13.3. Kila inapochajiwa, diodi inajaribu kuizuia betri nzima peke yake. Itapoteza, tena haraka.

Hii ni familia ya SMBJ kwa volti zinazotumika zaidi. Safu ya kulia ndiyo ya kulinganisha na kikomo cha chipu yako.

| Diodi | Inasubiri hadi (V) | Inafunguka (V) | Mkondo wa kilele (A) | Inabana kwenye (V) |
|---|---|---|---|---|
| SMBJ5.0A | 5 | 6.4–7.0 | 65 | 9.2 |
| SMBJ12A | 12 | 13.3–14.7 | 30 | 19.9 |
| SMBJ15A | 15 | 16.7–18.5 | 24.6 | 24.4 |
| SMBJ24A | 24 | 26.7–29.5 | 15 | 38.9 |
| SMBJ28A | 28 | 31.1–34.4 | 13 | 45.4 |
| SMBJ33A | 33 | 36.7–40.6 | 11 | 53.3 |

Tazama mstari wa kwanza. "Diodi ya volti 5" inaweza kuiachia chipu volti 9.2, na chipu nyingi za volti 5 hazivumilii hata 7. Ndiyo maana mimi siitegemei peke yake kukinga kidhibiti kidogo (microcontroller). Naweka rezista kati ya diodi na mguu wa chipu, ili mkondo unaovuka uwe mdogo kiasi ambacho kinga za ndani ya chipu zinaweza kukimeza. Mstari huohuo una jambo jingine lisiloonekana kwenye jedwali: SMBJ5.0A inaruhusiwa kuvujisha hadi mikroampea 800 ikiwa imetulia kwenye volti 5. Kwa kifaa kinachokula umeme wa ukutani si kitu. Kwa kifaa cha betri ya miliampea-saa 2000, mvujo huo ukifika kiwango chake cha juu unaimaliza betri kwa kama siku 100, hata kama saketi yenyewe haifanyi lolote.

Sasa rudi kwenye ile bodi ya vali. Kama umeme wake ni wa volti 24 zilizotulia, SMBJ24A inabana kwenye 38.9, na LM2596 inapona. Lakini kama ni betri za volti 24 zinazochajiwa hadi 28 au 29, SMBJ24A itafunguka kila zinapochajiwa. SMBJ28A nayo inabana kwenye 45.4, nukta chache juu ya kikomo. Hapo watu hukata tamaa na kuanza kubahatisha.

Njia iko, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika somo hili: chukua diodi ya volti ileile yenye mwili mkubwa zaidi. SMCJ28A ya wati 1500 nayo imeandikiwa volti 45.4, lakini kwa ampea 33. Mkondo ukiwa ule wa ampea 13 tu, inabana karibu na volti 39 hata ukihesabu kwa kipande kibaya kabisa cha familia yake. Hukununua wati peke yake, umenunua volti ndogo zaidi kwa chipu. Ikiwa betri inavuka 28 mara kwa mara, mimi hubadilisha chipu yenyewe, naweka LM2596HV inayokubali hadi volti 60, na diodi yenye volti ya kusubiri iliyo juu zaidi.

Kabla sijaiacha, kuna mtego wa majina. SMBJ33A na P6KE33A zote ni za wati 600 na zote zimeandikwa 33, lakini 33 hizo si kitu kimoja. Kwenye SMBJ ni volti ya kusubiri. Kwenye P6KE ni volti ya kufunguka: inasubiri hadi 28.2 tu na kubana kwenye 45.7. Ukiibadilisha moja kwa nyingine kwa kuangalia namba, umebadilisha kinga nzima.

TVS na varista

Varista ni kidonge cha oksidi ya zinki, chembechembe zilizochomwa pamoja kama udongo wa mfinyanzi. Kila mpaka kati ya chembe mbili hubeba kama volti 3, kwa hiyo kidonge kinene kina mipaka mingi na volti nyingi. Kipana kina njia nyingi za mkondo, na kwa kuwa mwili wote unashiriki, humeza nishati kubwa kwa gharama ndogo.

Hapa TVS haina ubavu, na sababu ni hesabu ya shule: wati ni volti mara ampea. Diodi ya wati 1500 kwenye volti 24 inabeba makumi ya ampea. Diodi ya wati zilezile kwa volti za umeme wa ukutani, 1.5KE440A, hubana kwenye volti 602, na ampea zilizobaki ni 2.5 tu kwa mpigo wa 10/1000. Varista ya 14D471K, kidonge cha milimita 14, hubeba ampea 4000 na zaidi kwa mpigo mmoja wa 8/20, yaani unaofika kileleni kwa mikrosekunde 8 na kushuka hadi nusu ikifika ya 20. Maumbo ya mipigo hayafanani, kwa hiyo usigawanye namba moja kwa nyingine, lakini pengo ni la wazi. Kwenye umeme wa 230 wa ukutani, chagua varista.

Ila ujue unachokipata. 14D471K hufunguka kwenye volti 470 kwa miliampea 1, na ampea 50 zikipita inabana kwenye 775. Ni mkono mlegevu ukilinganisha na TVS. Haifai kukinga chipu moja kwa moja. Inafaa kukata kichwa cha wimbi kabla halijafika kwenye kapasita kubwa na transfoma ya kifaa.

Husemwa pia kwamba varista ni goigoi. Kidonge chenyewe si goigoi, kinachoichelewesha ni miguu yake mirefu. Kasoro yake ya kweli ni uchovu. Kila pigo zito huharibu baadhi ya ile mipaka ya chembe, volti ya kufunguka inashuka, mvujo unaongezeka, kidonge kinapata joto, na joto linaongeza mvujo. Mwisho wake unaweza kuwa moto. Kwa sababu hiyo siiweki varista kwenye umeme wa ukutani bila fyuzi mbele yake, na ikiwezekana naweka ile yenye kikata-joto ndani. TVS isipovuka vikomo vyake haichoki hivyo.

Na kuna jambo moja ambalo vyote viwili haviwezi. Waya wa nyutro ukikatika kwenye mfumo wa fezi tatu, soketi ya 230 inaweza kupanda kuelekea 400 na kukaa huko dakika nzima. Huo si mpigo. Varista itaungua, TVS itaungua. Kinachotakiwa ni rilei ya kukata umeme volti ikizidi.

TVS na tyubu ya gesi

Tyubu ya gesi ni jitu la polepole. Vyuma viwili ndani ya kauri iliyojaa gesi, volti ikizidi gesi inawaka na njia inakuwa karibu wazi kabisa. Tyubu ndogo hubeba ampea 5,000 hadi 20,000 za mpigo wa 8/20, na kapasitansi yake (uwezo wa kuhifadhi chaji, ambao huharibu mawimbi ya kasi) ni kama pikofaradi 1, kwa hiyo laini ya antena au ya simu haihisi kuwa ipo.

Udhaifu wake wa kwanza ni kuchelewa. Tyubu iliyoandikwa volti 90 huwaka kwenye 90 ikiwa volti inapanda taratibu. Ikipanda kwa kilovolti moja kila mikrosekunde, hufika mamia ya volti kabla gesi haijaamka. Chipu haisubiri.

Wa pili ni hatari zaidi kwa asiyeujua. Ikishawaka, tyubu hushikilia volti 10 hadi 20 hivi tu. Ukiiweka peke yake kwenye umeme wa moja kwa moja (DC) wa volti 24 au 48 wenye nguvu, haizimiki. Mpigo umepita, lakini betri yako sasa inailisha tyubu mpaka kimojawapo kife. TVS haina tatizo hilo, kwani volti ikishuka hujifunga yenyewe. Kwa hiyo kwenye nyaya za umeme sitegemei tyubu peke yake, naipa varista ifuatane nayo.

Kwa laini ndefu ya data inayotoka nje ya jengo, usichague kati yao, ziunge zote mbili. Tyubu inakaa pale laini inapoingilia, TVS inakaa karibu na chipu, na katikati panakuwa na rezista, tuseme ya omu 10. TVS inaanza kubana kwanza. Mkondo unaopita kwenye rezista unajenga volti, volti hizo zinaiamsha tyubu, na jitu linachukua mzigo kabla TVS haijachemka. Bila rezista, TVS inaishikilia laini chini, tyubu haiwaki kamwe, na diodi inakufa ikiwa imemzuia mwenzake aliyekuja kumsaidia.

Koili: pale ambapo diodi ya kawaida inatosha, au karibu

Rilei ya volti 12 inayochukua miliampea 30 haihitaji TVS ya wati 600. Diodi ya 1N4007 sambamba na koili inatosha kuiokoa transista. Tatizo lake ni kwamba inabana kwa volti 0.7 tu, hivyo mkondo wa koili unazunguka na kufa polepole, na rilei inachelewa kuachia. Vidole vya rilei, vile vinavyofunga na kufungua saketi, vinapoachana taratibu, cheche hukaa muda mrefu na kuvila.

Ukiweka SMBJ18CA, ile inayofanya kazi pande zote mbili, koili inaruhusiwa kupanda hadi volti 22 hivi na mkondo unakufa haraka. Transista inaona 12 na 22, jumla 34. BC547 inavumilia 45, kwa hiyo iko salama. Na hapa naikubali zena: nishati ni ndogo, ya wati 1 ikifuatana na diodi ya kawaida hufanya kazi hiyohiyo. Kwa solenoidi nzito ya ampea kadhaa narudi kwenye TVS.

Laini za data

Hapa kigezo kinageuka. SMBJ5.0A ina kapasitansi ya maelfu ya pikofaradi, na ukiibandika kwenye USB ya megabiti 480 kwa sekunde, mawasiliano yanakufa bila radi yoyote. Tumia vipande vidogo vilivyotengenezwa kwa laini za kasi, vyenye kapasitansi chini ya pikofaradi 1. Kwa RS-485, laini ya data ya nyaya ndefu, kuna SM712, ambayo haina ulinganifu kwa makusudi: laini hiyo inaruhusiwa kwenda kutoka volti 7 hasi hadi 12 chanya, na kipande hicho kimekatwa kwa vipimo hivyo.

Mahali pa kuiweka

Diodi bora iliyowekwa vibaya ni hasara. Kila sentimita ya waya au njia ya shaba ina induktansi ya nanohenri 10 hivi. Mkondo wa ampea 30 unaopanda kwa nanosekunde 1 ukipita hapo hujenga volti 300, juu ya zile za kubana. Ndiyo sababu P6KE yenye miguu mirefu haiifikii SMBJ kwa umeme tuli, hata kama wati ni zilezile. Iweke mlangoni kabisa mwa kiunganishi. Njia ya shaba ipite kwenye mguu wa diodi kwanza, ndipo iendelee kwa chipu, isiende kwa tawi pembeni. Njia ya kuelekea graundi iwe fupi na pana. Na kwa diodi inayofanya kazi upande mmoja, mstari uliochorwa kwenye mwili, yaani kathodi, uelekee chanya.

Mbele ya diodi ya umeme weka fyuzi, kwa sababu TVS ikizidiwa kwa kawaida hufa ikiwa imeshikana: inakuwa kama waya kati ya chanya na graundi. Kwa magari, zile milisekunde 400 zinahitaji mwili mkubwa kama SM8S24A, ambayo ni ya wati 6600. Nachagua 24 ingawa gari ni la 12, kwa kuwa gari huweza kuwashwa kwa kusaidiwa na betri ya volti 24, na diodi haitakiwi kufunguka dakika hiyo.

Bodi ikirudi imekufa, pima TVS kwa multimita kabla ya kitu kingine. Ikilia pande zote mbili imeshikana. Ukiing'oa TVS hiyo, bodi inaweza kuanza kufanya kazi papo hapo, na hapo ndipo wengi huifunga na kumrudishia mwenyewe, ikiwa haina kinga tena. Weka nyingine ya namba ileile kwanza. Varista haijulikani kwa namna hiyo, kwani iliyochoka bado husoma kama nzima. Ipe miliampea 1 kutoka chanzo cha volti ya kutosha, kwa tahadhari, na usome volti. 14D471K iliyotoka nje ya 423 na 517 itupwe.